Jenerali Dumas si "baba wa mwandishi" tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu riwaya za Kifaransa ilimtaja Jenerali Thomas-Alexandre Dumas kwa maneno manne tu: "baba wa mwandishi Dumas". Sina ugomvi na sifa za mwana, Alexandre Dumas mwandishi wa riwaya, lakini mzazi huyu alikuwa na makubwa yake kabla mwana hajazaliwa.

Alizaliwa mwaka 1762 huko Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Mama yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa. Baba yake alikuwa kabaila wa Kifaransa ambaye, alipotaka kurudi kwao na kukosa nauli, alimweka mwanawe rehani, kisha akamkomboa baadaye. Kijana alipojiandikisha jeshini mwaka 1786 kama askari wa farasi asiye na cheo, baba huyohuyo, aliyethubutu kumweka mtoto rehani, aliona haya jina la ukoo wake kuitwa kwenye gwaride la makuruta. Ndipo kijana akachukua jina la mama. Kwa hiyo hilo Dumas linalopamba majalada ya riwaya mnazozisifu ni jina la mwanamke mtumwa.

Miaka 7 baadaye alikuwa jenerali wa divisheni, chotara wa kwanza kufika ngazi hiyo katika jeshi la Ufaransa, na mwaka 1794 majeshi aliyoyaongoza yaliteka njia ya mlimani ya Mont Cenis katikati ya theluji ya milima ya Alpi. Huko Misri mwaka 1798 aliongoza wapanda farasi wote wa Napoleon Bonaparte, mkuu wa msafara ule wa vita, akakosana naye kwa kusema wazi alivyoutilia shaka. Alipokuwa akirejea, meli yake mbovu ilitia nanga Taranto, kusini mwa Italia, akafungwa na Ufalme wa Naples, uliokuwa adui wa Ufaransa, hadi 1801, akatoka akiwa na afya iliyovunjika. Bonaparte, ambaye mwaka 1802 aliruhusu tena utumwa katika makoloni, hakumjali. Jenerali alifariki mwaka 1806 bila kulipwa malimbikizo ya mshahara wake, na mjane wake akanyimwa pensheni. Mwandishi mnayemsifu alikuwa na umri wa miaka 3.

Naomba mchapishe sahihisho, na ndani yake litajwe pia jina la Marie-Cessette.

Wako mtiifu,
Msomaji, Tanga