Kabla ya semina nyingine, kaeni dirishani

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo limenikaa rohoni siku nyingi. Nafanya kazi mapokezi kwenye hospitali moja binafsi hapa Dar, mwaka wa sita huu. Kila malalamiko ya wagonjwa yakizidi tunaitwa semina, anakuja mtu na projekta anatuambia mna mtazamo hasi, badilisheni mtazamo na lugha kwa mteja itabadilika yenyewe, tunapiga makofi tunakula sambusa na soda, Jumatatu tunarudi dirishani na mambo ni yaleyale.

Mwaka jana wakaleta na fomu, unaipenda kazi yako, unamjali mgonjwa, weka tiki. Sasa nani ataandika simjali mgonjwa jamani? Mwenzetu mmoja alijaza safi kabisa na dirisha lake ndio watu wanalikimbia, na kuna dada alisema wazi mbele ya meneja kuwa kazi imemchosha anatafuta nyingine, huyohuyo ndio anaacha kiti chake anamshika mkono bibi asiyeona vizuri anampeleka mpaka maabara.

Nilikuwa nasoma jioni mambo ya rasilimali watu, huko ndio nikakutana na habari ya Mmarekani Richard LaPiere. Miaka ya 1930 alizunguka Marekani na mume na mke Wachina, enzi hizo Wachina wanabaguliwa sana kule, wakapita hoteli na migahawa 251 wakakataliwa sehemu moja tu. Baadaye akawaandikia wenye hizo sehemu kuuliza kama wanapokea Wachina, na waliojibu, zaidi ya asilimia 90 wakasema hapana. Aliyachapisha 1934. Nikaikumbuka fomu yetu palepale, ila kwetu imegeuka, wale karatasi yao mbaya lakini mgeni akisimama mbele yao wanampokea, sisi karatasi safi na mgonjwa ndio anafokewa.

Wenye roho mbaya wapo kazini, sikatai. Lakini nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Kuna kipindi tuliongezewa dirisha la pili kwa ajili ya watu wa bima tu, tukaanza na kwenda kula kwa zamu, maana Sheria ya Ajira ya 2004 inasema ukifanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo upewe mapumziko angalau saa moja na sisi tulizoea kumega chapati chini ya kaunta huku unaita namba. Hakuna aliyetuhubiria chochote kipindi kile. Yule yule anayekimbiwa nikamsikia anasema pole mama umekaa sana, nikageuka kumwangalia kama ni yeye kweli! Dirisha likafungwa eti kubana matumizi, haikupita wiki mbili kelele zikarudi, na mimi mwenyewe nikamfokea baba mwenye mtoto ana homa kali, mtandao ulikuwa umekata tangu saa tatu asubuhi na foleni imefika getini, usiku ule sikulala namfikiria yule mtoto.

Ombi langu kwa mabosi wetu, hela ya semina ijayo mfungulie lile dirisha. Na kabla ya kuamua njooni mkae pale Jumatatu moja, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, bila kunyanyuka.

Mfanyakazi wa mapokezi,
Dar es Salaam