Mfanyakazi wa nyumbani si kijakazi

Mhariri,

Juzi binti yangu alinisomea kwa sauti kichwa cha habari gazetini mwenu. Mshtakiwa, mfanyakazi wa nyumbani, mlikuwa mmemwita "kijakazi". Dada anayetufanyia kazi alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Mkono ukasita. "Mama, kwani mimi kijakazi?" akaniuliza. Nilikosa la kumjibu, ndiyo maana nakuandikia.

Wengi hudhani "kijakazi" ni Kiswahili cha heshima cha mtumishi wa nyumbani. Huku pwani tunajua lilikotoka. Mjakazi ni mtumwa wa kike, kama mtwana alivyo mtumwa wa kiume. Hajiri wa kwenye Biblia alikuwa mjakazi. Na katika tafsiri za Kiswahili za Qurani, Suratu-n-Nur aya ya 32, wajakazi wametajwa pamoja na watumwa. Mjakazi ana bwana, aliyemnunua au kumrithi. Mtumishi ana mwajiri. Hupokea mshahara, na akichoshwa hufunga virago akaenda zake. Tena hicho "ki-" cha mwanzo kinazidi kumdunisha.

Naishi karibu na Kengeleni, ilipo kengele ya Freretown, makao yaliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Utumwa wenyewe haukupigwa marufuku hapa pwani hadi 1907. Wapo majirani zangu ambao nyanya za nyanya zao waliitwa wajakazi, na mazungumzo yakifika hapo wao hunyamaza. Nawe unalichapisha neno hilo kana kwamba halina mwenyewe.

Nimeambiwa kwamba hata Mariamu alijiita mjakazi wa Bwana. Ni kweli, lakini alijiita mwenyewe, na mbele ya Mola wake.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 30, inakataza mtu kuwekwa utumwani. Wafanyakazi wa nyumbani wana kima cha chini cha mshahara, na wana chama chao, KUDHEIHA. Makatibu wa wizara nao ni watumishi, watumishi wa umma, na sijaona popote mkiwaandika wajakazi wa umma.

Naomba muandike "mfanyakazi wa nyumbani". Anayelea mtoto ni "yaya". Na kama nafasi ya kichwa cha habari ni finyu, "mtumishi" lina herufi nane, sawa na "kijakazi".

Msomaji wenu,
Mombasa