Anayesubiri figo aulizwe mapema kuhusu damu na uzazi

Ndugu Mhariri,

Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2018, wengi wetu tumeamini kwamba ndugu akiwa na kundi la damu linalokubaliana na la mgonjwa, basi figo imepatikana. Familia yangu imejifunza kuwa sivyo.

Dada yangu, mama wa watoto wanne, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mumewe alijitolea bila kushawishiwa na mtu, na makundi yao ya damu yalikubaliana. Maabara ilipochanganya majimaji ya damu ya dada na chembe nyeupe za shemeji, chembe zile zikafa. Maana yake ni kwamba mwilini mwa dada zimo kingamwili zilizokwisha kuzitambua tishu za mumewe kuwa ni adui, na figo ile ingewekwa ingeweza kuharibika akiwa bado mezani. Mtaani kwetu Kikuyu yalivuma mengine, kwamba shemeji ameogopa kisu. Hadi mzee mmoja wa kanisa alikuja kumsihi asimtupe mkewe.

Kingamwili hizo hutokana na mimba, kuongezewa damu au figo iliyowahi kupandikizwa. Kwa kuwa mtoto hubeba nusu ya alama za tishu za baba yake, mwili wa mama aliyezaa unaweza kuikataa figo ya mume, hata ya mtoto wake wa kumzaa, ukaipokea ya kaka. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walionyesha kwamba kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa ingawa kipimo hicho cha kuchanganya damu kilionyesha mgongano, 24 walipoteza figo papo hapo.

Zamu ikawa yangu, na kipimo hakikuonyesha mgongano. Tukiwa tunahesabu siku, dada alipungukiwa damu, akaongezewa chupa mbili katika kituo ambacho faili lake halikueleza popote kwamba anasubiri figo. Simlaumu daktari wa zamu, maana damu ikishuka mno mtu hufa kabla hata ya hiyo figo. Lakini chupa ya damu huja na chembe za mtu mwingine, na kingamwili mpya huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo majibu yetu mazuri yakageuka karatasi ya zamani. Pale upungufu unapokuja polepole, sindano za erithropoietini, homoni inayouchochea mwili kutengeneza damu, pamoja na madini ya chuma huweza kumwepusha mgonjwa na chupa hizo.

Zipo njia za kupunguza kingamwili, kama kuchuja plazma, yaani majimaji ya damu, na kumpa mgonjwa immunoglobulini, yaani protini za kinga kutoka damu ya wachangiaji, ila ni ghali, na kingamwili huweza kurudi zikaidhoofisha figo taratibu.

Ninachoomba si mashine mpya. Kila kituo cha kusafisha damu kiandike kwenye faili, tangu siku ya kwanza, kila chupa ya damu na tarehe yake, na mimba zote, zikiwamo zilizoharibika. Dada alipoulizwa mara ya kwanza alijibu kuwa amezaa mara nne. Mbili zilizotoka hakuzitaja, kwa kuwa kwetu hakuna anayezihesabu.

Sampuli zetu zimechukuliwa upya Jumanne iliyopita.

Msomaji wenu,
Kikuyu, Dodoma