Kitandani napumua vizuri, mbele ya lifti nashindwa

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mtu mzima, nina ajira na familia, na ninachokuandikia nakionea haya hata kukitamka: naogopa lifti.

Chanzo nakijua. Miaka ya nyuma nilinasa kwenye lifti iliyozimika katikati ya ghorofa mbili, tumejazana. Taa zikafa, feni ikanyamaza, likabaki joto na harufu ya grisi. Tulitolewa salama, hakuna aliyeumia. Ndiyo maana mume wangu kila nikigusia hunijibu, "Yameshapita hayo mama watoto, sahau." Angejua! Tukio lenyewe nusu nimeshalisahau. Sikumbuki tulikaa muda gani wala nilisimama karibu na nani. Lakini nikipita kando ya gereji, harufu ya grisi ikanifikia, moyo unaenda mbio kabla hata sijajua kwa nini.

Nimehangaika kusoma. Nilikutana na kisa alichokiandika mtaalamu wa saikolojia wa Uswisi, Édouard Claparède, mwaka 1911. Alikuwa na mgonjwa, mwanamke asiyeweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Siku moja alimpa mkono akiwa ameficha pini kati ya vidole, ikamchoma. (Mimi ningemshtaki.) Baadaye mama yule hakukumbuka kabisa kuchomwa, ila aliponyooshewa mkono tena, akaurudisha wake. Wanaeleza kwamba sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hujifunza hofu, wakati hipokampasi hushughulika na habari za lini na wapi, na kwamba moja inaweza kushikilia kile ambacho nyingine haina. Basi hiyo "sahau" ya mume wangu naona inapelekwa kwa asiyehusika.

Sasa pumzi. Mwanzoni kila mtu aliniambia "vuta pumzi ndefu", nami nikavuta kwelikweli, moja juu ya nyingine, mpaka vidole vikafa ganzi na kichwa kikazunguka. Kumbe ukipumua kwa nguvu na kwa haraka unatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi, na ganzi inatoka huko. Kinachotuliza zaidi ni kule kutoa hewa: ukiitoa taratibu, mshipa wa fahamu uitwao vagasi hupunguza mwendo wa moyo. Siku hizi navuta kwa pua kwa hesabu ya sekunde 4, naitoa kwa sekunde 6, yaani pumzi 6 kwa dakika. Nikiwa kitandani nimeweka kiganja kifuani, nasikia kabisa mapigo yakilegea. Inafanya kazi, sina ubishi.

Tatizo liko mlangoni pa lifti. Nikianza kuhesabu pale, hesabu yenyewe inageuka kengele ya hatari. Naanza kuikagua kila pumzi: hii imetosha? Mbona imekwama? Wenzangu wanaingia, mimi najifanya nimepigiwa simu, wakishaondoka nashika ngazi. Zipo siku naingia, nimefumba macho, nahesabu mpaka juu, nafika salama. Kesho yake hofu iko palepale. Nahisi akili yangu sifa imezipa pumzi, si lifti: "Umepona kwa sababu ulihesabu." Ofisi inahamia ghorofa ya 11 mwezi ujao, na magoti yangu si ya msichana.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulegea kwa muda kabla ya kuhifadhiwa upya. Je, mimi ninayeingia nikitetemeka huku macho nimefumba, si ndiyo naihifadhi upya ikiwa mbichi?

Naomba unishauri. Niendelee na pumzi nikiwa ndani, au nizifanye kabla tu, kisha niingie macho wazi na kuiacha hofu ipande na kushuka yenyewe? Na hili la kuizoea lifti ghorofa moja moja, naweza kulianza na mtu wa kunisindikiza, au nisithubutu mpaka nimwone mwanasaikolojia? Mume wangu yuko tayari kunisindikiza, ila namfahamu: tukifika ghorofa ya pili ataanza kunichekesha, na sijui kama kucheka nako kutahesabiwa ni kukwepa.

Msomaji wako,
Jina kapuni