Tuliona anatoka, hatukujua anakimbilia nini

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu na nikiendelea kunyamaza ntakuwa mnafiki.

Pale tunaposali kuna dada mmoja, kila jumapili mahubiri yakianza tu kunoga yeye anainuka, anachukua mkoba wake, anapita kandokando ya ukuta kainamisha kichwa, huyo nje. Hajawahi kusubiri baraka ya mwisho. Basi maneno yakaanza, huyu anasema anakwepa sadaka, yule anasema kuna mtu anamsubiri nje, na mimi nimo, tena mimi ndo niliandika kwenye grupu letu la WhatsApp la maombi kwamba jamani tumwombee dada yetu amerudi nyuma. Ile haikuwa sala. Yalikuwa majungu, na sisi wakristo tunaifanya sana hii, unamchafua mwenzio halafu unamalizia na amina.

Kumbe ana mama yake amepooza, yuko kitandani, na jirani anayemshikia zamu ana saa moja na nusu tu, akichelewa mama anabaki amelowa mpaka arudi. Nimelijua hilo kwa sababu siku moja nilichelewa ibada nikakutana naye njiani anakimbia, viatu kashika mkononi, nikamuuliza kulikoni.

Tangu siku ile 1 Samweli 1 naisoma tofauti kabisa. Mwanamke aitwaye Hana anaomba, midomo inacheza sauti haitoki, kuhani Eli kakaa kitini pake anamwangalia, akaamua huyu kalewa na akamwambia aachane na divai. Mtu ana uchungu wa miaka wa kukosa mtoto, kuhani anaona ulevi! Halafu fungua sura ya 2 uone wanawe mwenyewe, Hofni na Finehasi, wanavyopora nyama za sadaka hapohapo nyumbani kwa Mungu, na sura ya 3 inasema baba yao hakuwazuia. Boriti kwenye jicho lako na kibanzi kwenye jicho la mwenzio, ile ya Mathayo 7, ndo hicho sasa. Ila Eli namheshimu kwa kitu kimoja, alipoelezwa hakubishana, alimbariki palepale akamwambia aende kwa amani, wakati sisi hata ukweli ukishajulikana bado tunang'ang'ania eti na yeye si angesema.

Najua wapo watakaouliza, kwa hiyo dhambi tuiache? Hapana jamani. Yesu kwenye Yohana 8 alimwambia yule mwanamke aliyefumaniwa kwenye uzinzi, watu wakitaka apigwe mawe, asitende dhambi tena, lakini kwanza wenye mawe waliondoka mmoja mmoja, akamwambia wala mimi sikuhukumu, ndo hilo likafuata. Sisi tunaanza na la mwisho. Na kama ndugu kakukosea kweli, Mathayo 18 inasema nenda kaongee naye wewe na yeye peke yenu, kwa hiyo mambo ya kuanzia kwenye grupu sijui tumeyatoa wapi.

Nilienda kwake kuomba msamaha kwa maneno ambayo wala hakuwa ameyasikia, nikamwambia yote, na la grupu pia. Alikaa kimya muda. Halafu akaniuliza kama jumapili naweza kwenda ibada ya kwanza ili nije nikae na mama, yeye aende ya pili na abaki mpaka mwisho. Wiki hii ni ya tatu.

Msomaji wenu wa siku nyingi