Bergen wanatunza mbao zilizopinda, sisi tembe tunabomoa

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni. Mdogo wangu anasoma Bergen, mji wa bandari kule Norwei, mwezi wa tano nikaenda kumwona. Nilikua nategemea kukuta majumba ya mawe kama Zanzibar, kumbe wanachoringia wenzetu panaitwa Bryggen, ni safu ya nyumba za mbao zimebanana pale bandarini, zingine zimelalia upande kama mlevi kaegemea mwenzie, na vichochoro vimetandikwa mbao. Yalikua maghala tu. Wafanyabiashara wa Kijerumani wa Hansa, umoja wa miji ya biashara enzi hizo, waliweka kituo pale miaka ya 1360 hivi, wanaleta nafaka wananunua samaki mkavu kutoka kaskazini, samaki anaanikwa kwa baridi na upepo bila chumvi, nikamwambia mdogo wangu huu si mlenda wa kuanika tu jamani.

Moto umewaunguzia mara nyingi. 1702 karibu mji wote uliteketea, wakajenga tena kwa mtindo uleule. 1955 sehemu ikaungua tena, wachimbaji wa mambo ya kale wakaingia kufukua, wakaokota mamia ya vijiti vya zamani vyenye maandishi ya kuchonga, kimoja kinasema Gyda, jina la mwanamke, anasema urudi nyumbani, yani hata enzi hizo kuna baba alikua amezidisha kukaa kijiweni! Unesco wakapaweka kwenye urithi wa dunia 1979. Na mvua ya pale sio mchezo, inanyesha siku zaidi ya 200 kwa mwaka, mimi siku tisa nilizokaa jua nimeliona mara mbili, lakini nyumba za mbao zipo, mafundi wanatoa gogo lililooza wanaweka jipya, moja moja.

Sasa huku kwetu Dodoma mvua yenyewe ya kuomba, alafu tunasema tembe la Kigogo halidumu, eti udongo na miti. Simlaumu mtu, hela ya bati niliitoa mimi mwenyewe tukabomoa tembe la babu kule Mvumi, lile la kuzunguka ua, ng'ombe wanalala katikati. Mle ndani mchana wa Oktoba kulikua na ubaridi, sa hivi chini ya bati hakukaliki watu wanahamia chini ya mti.

Michoro ya kale ya miambani ya Kolo kule Kondoa imo kwenye orodha ya Unesco toka 2006 na ni jambo zuri, ila nyumba tulizozaliwa nani anaziangalia? Sisemi watu walazimishwe kuishi kwenye tembe, naomba tu halmashauri zetu zichague hata kijiji kimoja, wenye tembe wasaidiwe kubadili miti ya paa, na vijana wafundishwe kuezeka maana wazee wanaojua wanaisha.

Shangazi yangu analo moja bado, upande mmoja umeshalala. Juzi kapiga simu kuulizia bati nitaleta lini.

Msomaji wako,
Dodoma