Kwa mtoto wa kaka yangu, anayesema Tanga haina hip hop

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Wimbo nao nimeupata, nimeusikiliza mpaka simu ikaisha chaji. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu lile neno ulilonitupia mwishoni, eti Tanga haina historia yoyote ya hip hop, ni mji wa taarabu na ngoma ya baikoko tu, si lako peke yako. Nalisikia kwa wenzako, na nalisikia hata kwa watu wazima wanaokaa mbele ya maiki za redio, ambao wangepaswa kujua. Kwa hiyo soma wewe, na wao wasome.

Kwanza tukubaliane. Hip hop ya Kiswahili haikuanzia Tanga na sijasikia mtu akidai hivyo. Ni ya Dar es Salaam. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua midundo ya Wamarekani akaipachika maneno ya Kiswahili, kanda ikazagaa nchi nzima. Mwaka 1993 likaja kundi la Kwanza Unit. Mwaka 1994 Radio One ikafunguliwa, na vijana wakapata pa kusikia muziki wa rika lao bila kungoja Radio Tanzania ijisikie. Sisi huku tulikuwa wapokeaji, na tulipokea kwa kanda.

Kanda nazijua. Babu yako alikuwa na duka la kanda Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba, na aliyekaa kaunta ni mimi. Rafu ya juu ilikuwa ya taarabu: Black Star, Lucky Star, na kila alichoimba Shakila wa Pangani. Ya kati ilikuwa ya dansi, Atomic na Jamhuri wakiwa mbele. Chini kabisa, karibu na ndoo ya maji, ndipo palipokaa "za vijana". Babu yako hakuziita muziki, aliziita hizo kelele zenu, ingawa pesa yake alikuwa akiihesabu polepole na kwa heshima zote.

Wanafunzi wa Usagara na Popatlal walikuja jioni, mashati nje, wanataka biti, mdundo mtupu usio na sauti ya mtu. Na biti haikuwapo! Kulikuwa na wimbo wa Mmarekani ambao mwanzoni, kabla mwenyewe hajafungua mdomo, ngoma na besi vinapiga peke yake kidogo tu. Basi wimbo unaingia deki ya kushoto, kanda tupu deki ya kulia. Narekodi kale kapande, nabonyeza pozi, narudisha nyuma, narekodi tena kalekale, nabonyeza pozi. Hivyo hivyo mpaka kapande kale kawe ngoma ya dakika tatu ambayo mtu anaweza kuchania, yaani kurap juu yake. Kidole kikichelewa kidogo mdundo unachechemea, na kijana anakataa kulipa. Mimi kidole changu kilikuwa kizuri. Walitoka Chumbageni, walitoka Makorora, wakampita fundi wa kiume aliyekuwa jirani yetu wakaja kwangu. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba biti walizochania vijana wa mitaa ile zilikatwa na msichana mwenye ushungi, kwa hiyo naandika mwenyewe.

Wakishapata biti walikwenda nazo shuleni, kwenye mahafali, kwenye maskani, kwenye disko za mchana za sikukuu. Baba yako alikuwamo. Usijifanye umeshtuka.

Sasa, walichana nini? Hapa ndipo mnapokosea nyote. Mnatafuta jina la kundi, mnatafuta albamu, msipoipata mnasema hakukuwa na kitu. Kilichokuwapo Tanga kilikuwa ulimi. Wasomi wakitaka kuueleza ulimi huo hukimbilia kwa Shaaban Robert, kwa kuwa alizaliwa hapa Machui mwaka 1909 na vina vyake kila mtoto wa shule anavikariri. Mimi sikubaliani nao sana. Vijana wale Shaaban Robert walimjua kwa sababu ya mtihani. Kilichokuwa masikioni mwao tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao ni taarabu ya harusini, na si taarabu ya kulala usingizi. Black Star walishaingiza gitaa na besi kwenye muziki ule siku nyingi, watu wakawa wanacheza huku wanasikiliza maneno. Mtoto wa Tanga alikua akijua kwamba wimbo una mtu anayesemwa ndani yake, na kwamba kazi ya msikilizaji ni kumjua ni nani na amesemwa kwa lipi. Mpe mtoto huyo biti, utapata nini?

Halafu kulikuwa na hali ya mji wenyewe. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka kwenye mashamba ya huku kwetu ikapitia bandari yetu. Ikaja nailoni, bei ikaanguka. Mashamba yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha, yakashindwa kusimama. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 nchi nzima haikufikisha hata tani 40,000. Kiwanda cha mbolea kikafungwa. Vijana waliokuja dukani kwangu walikuwa watoto wa watu waliopunguzwa kazi. Wenzao wa Dar waliiga majigambo ya Kimarekani na angalau mjini kwao kulikuwa na kitu cha kujigambia. Wa kwetu wangejigamba kwa nini? Walilalamika, na walilalamika kwa ufundi.

Ndipo likatoka kundi la Wagosi wa Kaya, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkoloni na Dokta John. Hata jina hilo ndilo ambalo mashabiki wa Coastal Union, timu yetu ya mpira, wanajiita mpaka kesho, kwa hiyo kabla hujasikia sauti ulishajua watu hawa ni wa wapi. Waliimba kwa lafudhi ya kwetu, Kisambaa kimejaa ndani ya Kiswahili, hawakujisafisha ili wasikike kama watoto wa Oysterbay. Usilichukulie jambo hilo kirahisi. Kabla yao lafudhi ya milimani ukiisikia redioni ujue ni mchezo wa kuigiza, na anayeongea ni mlinzi au mpishi. Wao wakaitumia kuuliza maswali mazito: Tanga kunani, mji umekufaje watu tunatazama? Wakawageukia trafiki na rushwa za barabarani. Wakawageukia wauguzi wanaowatukana wanawake wakiwa katika uchungu, na wimbo huo uliwaudhi wahusika kwelikweli.

Wapo wanaosema Wagosi walikuwa wachekeshaji. Hao hawakuwa dukani kwangu. Aliingia mama mmoja mtu mzima, kanga mbili, kapu la sokoni mkononi, mtu ambaye ungedhani amekuja kumnunulia mumewe kanda ya mawaidha. Akaomba "ile ya watoto wanaowasema manesi." Nikamwekea aisikilize kwanza. Alisimama palepale, kapu hakuliweka chini, mpaka ubeti ukaisha. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Alipolipa hakuuliza bei. Niambie, ni mwanahiphop gani unayemsikiliza wewe leo anayeweza kumsimamisha mama yule?

Utaniuliza basi mbona hali hiyo haikuendelea. Iliendelea, ila si hapa. Ukitoka Tanga kwa basi unapita Muheza, unafika Segera, pale barabara inagawanyika: kulia unakwenda Korogwe, Moshi na Arusha, kushoto Chalinze na Dar. Wetu wote walikata kushoto. Studio zilikuwa Dar, redio zilikuwa Dar, na wasambazaji wa kanda walikuwa Kariakoo, wale waliokuwa wakinunua albamu ya msanii kwa mkupuo mmoja na baada ya hapo hata ikiuza nchi nzima yeye hana chake. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwapo. Kanda bandia nazo zilikuwapo, nyingi kuliko nakala za sheria. Msanii aliyekaa Tanga alikuwa hana hata huo mkupuo.

Akaondoka Mwana FA wa Muheza, ambaye watu wanasahau kwamba ule utulivu wake, wa kumsema mtu bila kupandisha sauti, ni tabia ya barazani kwetu. Huyo mwaka 2020 wamemrudisha Muheza kama mbunge, na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri wa utamaduni, sanaa na michezo. Akaondoka Matonya, akaondoka Cassim Mganga, hao wakaenda upande wa kuimba, nao siwalaumu maana mapenzi yanauza. Akaondoka mchanaji Roma. Kwangu mimi Roma ndiye mrithi halali wa Wagosi: orodha ndefu ya malalamiko, mstari juu ya mstari, hakupi nafasi ya kupumua. Aprili 2017 yeye na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana wakiwa studio Dar es Salaam, wakaonekana tena baada ya siku tatu. Siku hizo tatu mimi na baba yako tulikesha na simu, kama ni mtoto wa nyumbani. Baadaye akahamia Marekani. Mji wetu unaitwa waja leo waondoka leo, sawa, lakini na wao wakazidisha.

Ukikata kulia pale Segera ni hadithi nyingine. Arusha walikuwa na X Plastaz, wakaingiza Kimaasai kwenye hip hop, wakazunguka nayo Ulaya, na hawakuacha kuwa watu wa Arusha. Ndiyo maana leo mtu akitaja hip hop ya Arusha hakuna anayebisha. Tanga tulitoa wachanaji wa kutosha kujaza basi, ila kila mmoja akishafika kule anahesabiwa ni wa Dar. Historia yetu imeandikwa kwenye daftari la watu wengine, na wewe umelisoma daftari hilo ukaamini hatukuwahi kuwapo.

Turudi kwenye wimbo wako. Biti nzuri. Umeitengeneza mwenyewe kwa kompyuta chumbani kwako Mikanjuni, na mimi niliyekata biti kwa pozi nakuvulia ushungi. Tatizo ni ubeti wa pili. Umeimba foleni ya Ubungo. Foleni ya Ubungo inakuhusu nini? Umechana kwa sauti ya mtoto wa Sinza, wakati nyumbani ukiniomba chai unaongea kama bibi yako wa Lushoto. Nilipokuwa nakusikiliza nilimwona yule mama wa kapu akiondoka bila kununua.

Na mambo ya kuimba yamejaa mlangoni. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima huko Uganda, kilomita 1,443, linamalizikia hapo Chongoleani. Kuna ardhi imechukuliwa, kuna watu wamelipwa, kuna walionung'unika kuhusu malipo, kuna vijana wamepata kazi na waliokosa. Kuna barabara ya kwenda Bagamoyo kupitia Pangani ambayo tumeahidiwa tangu nikiwa msichana na sasa naona inajengwa. Wagosi wangetoa albamu nzima hapo. Wewe una ubeti wa foleni.

Sikuzuii kwenda Dar. Najua nauli umeshaiweka, na najua hata leo redio kubwa bado ziko kulekule. Lakini wenzako waliotangulia walikwenda kwa sababu wimbo ulikuwa hauwezi kutoka Tanga bila mtu kuubeba kwenye begi. Wako unatoka chumbani kwako usiku, asubuhi uko kwenye simu ya mtu Mwanza. Kwa hiyo ukienda, nenda ukiwa na sababu yako, usiende kwa sababu ya kina Mwana FA. Na wakikuuliza umetokea wapi, usijibu "mikoani".

Kanda zangu chache bado ninazo, zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, chumvi ya bahari imezila kidogo. Deki ndiyo imekufa. Ukimpata fundi anayeweza kuifufua, njoo naye, nauli yake nitalipa mimi. Ndani ya sanduku hilo kuna moja iliyorekodiwa kwenye disko la Idi, na juu yake pameandikwa kwa kalamu nyekundu jina la jukwaani la baba yako. Jina lenyewe silitaji hapa, barua hii ni ya wazi na yeye siku hizi anakaa safu ya mbele msikitini. Muulize mwenyewe leo baada ya chakula. Atakataa. Mwambie shangazi ana kanda.

Shangazi yako,
Ngamiani, Tanga